Fungu la Mektrida

“Dada yako amelala kwenye cherehani,” Winfrida alisema kwenye simu.

Priska alikuwa sokoni Mbuyuni, ameinamia rundo la maparachichi, akiyabonyeza moja moja karibu na kikonyo.

“Basi mwamshe,” alijibu. “Mwambie ale zile karoti alizokwangua asubuhi, asinisubiri.”

Winfrida alikuwa jirani yao katika nyumba ya kupanga kule Majengo, mjini, na kubembeleza haikuwa kazi aliyoizoea.

“Priska, mdogo wangu. Rudi nyumbani.”

“Anaumwa?”

“Wewe rudi tu.”

Hapo ndipo lile neno “amelala” lilipomgeukia. Alibaki ameshika parachichi, watu wakimpita na mafurushi yao, hadi mwenye meza akamwuliza, “Dada, unanunua au unalipima homa?” Priska akalitia mfukoni akaondoka. Yule mama hakumwita. Yamkini aliuona uso wake.

Alimkuta dada yake, Mektrida, ameshalazwa kitandani na majirani, rozari imezungushwa vidoleni. Kwenye cherehani kulikuwa na sare ya kwaya, mkono mmoja umeshonwa, wa pili umeshikizwa kwa pini. Hospitali, alikopelekwa kuhifadhiwa, walisema ni moyo. Moyo huo ulikuwa umepanuka kwa miaka, na mwenyewe alijua.

Priska hakulia. Alianza kufagia. Alifagia chumba, akafagia ukumbi, akaosha bakuli la karoti, akaliosha tena. Kila alipokaa, miguu ilimwinua. Theopista, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, akamshika mabega. “Kaa chini, mama. Tusali.” Wakaanza rozari, na katikati ya Salamu Maria Priska akasimama tena.

“Sijampigia kaka,” alisema.

Winfrida na Theopista wakatazamana.

Kaka yao, Wenseslaus, ndiye aliyebaki Uru mlimani kwenye kihamba, shamba la ukoo aliloliacha baba yao, pamoja na migomba, kahawa, ng'ombe na makaburi ya wazazi. Tangu Krismasi hakuwa amesema na Mektrida hata neno la salamu. Priska alitoka nje, akampigia, akamwambia kwa sentensi moja kwa sababu ya pili haikuwapo. Alisikia ng'ombe akilia nyuma ya simu, akasikia pumzi ya kaka yake.

“Bwana ametoa, Bwana ametwaa,” Wenseslaus alisema. Kisha akauliza, “Sasa mtamzika wapi?”

Mtamzika. Hakusema tutamzika.

Mtu asiye wa mlimani anaweza kuliona hilo ni dogo. Lakini Mektrida hakuolewa. Hakuwa na kihamba cha mume cha kumpokea. Kwake kulikuwa kule kule alikozaliwa, na mlango wa huko ulikuwa mkononi mwa kaka yake. Makaburi ya mjini yapo, na watu wema wanalala humo. Ila kwa mtu wa Uru mwenye kwao, kupelekwa huko ni kama kutangaziwa mbele ya majirani kwamba hakuna aliyekudai.

Na kisa cha yote kilikuwa chakula.

Mektrida alikuwa fundi cherehani tangu usichana. Alishona magauni ya kipaimara, sare za kwaya, na suruali za wanaume wasiotaka kuambiwa kwamba wamenenepa. Alikuwa mtu wa kwenda mpaka mwisho wa jambo. Alipoamua kuacha sukari, aliwagawia majirani mpaka kopo la kuitunzia. Kwa hiyo daktari alipomwambia apunguze chumvi na mafuta, Priska, ambaye alihamia kwake baada ya kufiwa na mumewe, alijua kuna balaa njiani.

Balaa lilikuja kwenye simu ya msichana mmoja, Violet, aliyeleta gauni lipunguzwe. Alipokuwa akisubiri alimwonyesha Mektrida video ya mwanamke anayekula vitu vibichi tu: hakuna moto, hakuna nyama, hakuna maziwa, hata asali hakuna. Mektrida aliitazama mara ya kwanza akacheka. Aliitazama mara ya pili akavua miwani.

“Priska,” alisema jioni ile, “Adamu na Eva walikuwa na jiko?”

“Walikuwa na nyoka,” Priska akamjibu. “Kula chakula chako.”

Lakini jiko la mkaa likawekwa uvunguni. Priska alitoa sharti moja tu: “Utakula majani yote ya dunia hii, lakini vidonge vya daktari utameza, na nitakutazama unavyomeza.” Mektrida alikubali, akawa anavimeza kila asubuhi kwa juisi ya karoti, kisha anaacha mdomo wazi kama mtoto, ili mdogo wake ahakikishe. Hakuacha hata siku aliyokufa.

Majaribio ya mwanzo yalikuwa mateso. Alitaka kutengeneza mtori wa baridi, akasaga ndizi mshare mbichi kwenye blenda. Utomvu ukashika visu, uji ukageuka mweusi, na blenda ikalia mara moja ikanyamaza. “Hii wapelekee mafundi viatu,” Priska alimwambia. Akajaribu gimbi. Hakuna mtoto wa Uru asiyejua kwamba gimbi bichi linawasha, ila Mektrida alikuwa na hakika kwamba ndimu nyingi zitalitia adabu. Dada wawili walikaa mlangoni ndimi nje, machozi yakiwatoka, na Winfrida akaita wapangaji wote waje kuona.

“Ndiyo hiyo mbichi yenu!” alipiga makofi. “Ninyi wenyewe ndio wabichi!”

Kilichompa Mektrida jina pale mtaani kilikuwa uji. Ilikuwa Kwaresima, na ibada ya jumuiya ilikuwa ifanyike kwao. Alitaka kuwapa wenzake kitu cha kufungulia kisichoona moto. Akaotesha ulezi kama mama yao alivyokuwa akiotesha, akauanika, akausaga, akauchanganya na ndizi mbivu zilizopondwa. Akafunika ndoo kwa kanga, akaiweka pembeni pa joto “ili ladha ikomae.” Ladha ilikomaa. Wanajumuiya walikunywa kikombe cha kwanza kwa adabu, cha pili kwa kupenda. Wakati wa wimbo wa mwisho katekista, mtu mpole asiyejulikana kwa sauti, alikuwa anaimba sauti ya nne peke yake na kuwaongoza wengine kwa kijiko.

Theopista akanusa kikombe chake. “Mektrida, mama, huu uji unanijua. Tumewahi kukutana.”

“Ni ulezi na ndizi tu.”

“Ulezi wa kimea?”

“Ndiyo.”

“Na ndizi mbivu. Ukaacha kwenye joto.” Theopista alishika kiuno. “Binti wa Uru, umetupikia pombe ya mbege Kwaresima!”

“Sijapika!” Mektrida alijitetea, na hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililowavunja mbavu. Kesho yake alikwenda kwa padre mwenyewe, amejawa na hofu. Padre alimwuliza kwanza kama imebaki.

Lakini polepole mkono wake ulizoea. Alijifunza kukata sukuma wiki nyembamba kama uzi na kuifikicha kwa ndimu mpaka ilainike kama iliyopikwa. Alisaga karanga mbichi na tangawizi, akaimwagia kabichi. Alikatakata nanasi na tango, akatia pilipili, na Winfrida aliyewacheka akawa anakuja na sahani yake mwenyewe. Priska naye alikula hivyo kwa sehemu kubwa, kwanza kwa kumsindikiza dada, kisha kwa mazoea. Mektrida alisema anaona mwili mwepesi. Pengine ulikuwa hivyo, pengine ilikuwa furaha tu ya mtu aliyepata jambo lake uzeeni.

Kisha ikaja Krismasi, na watu wa mlimani wakapanda kwao kama kawaida.

Wenseslaus alichinja mbuzi. Katika ukoo wao nyama haigawiwi ovyo. Kila mtu ana kipande chake, na kipande hicho ndilo jina lake. Mzee ana chake, mama wa nyumba ana chake, na mabinti waliozaliwa pale wana chao hata wakizeeka. Wenseslaus aliita majina mbele ya wazee, watu wakapokea kwa mikono miwili. Alimwita Priska, Priska akapokea, na baadaye akampa wifi yake, Mama Lucky, akipike. Alimwita Mektrida. Mektrida akaweka mikono nyuma.

“Kaka, unisamehe. Mimi nyama nimeacha.”

“Pokea.”

“Nikipokea nisichokula nitakuwa nimesema uongo kwa mikono.”

Wenseslaus alibaki ameinyoosha mikono yake, damu ikimtiririka mpaka kwenye kiwiko. “Sikukupa nyama,” alisema. “Nimekupa fungu.”

Mektrida hakupokea. Mzee mmoja alikohoa, mwingine akatazama migomba. Wenseslaus akalirudisha fungu juu ya jani, na sikukuu ikaishia hapo. Tangu siku ile Priska alijaribu kuwapatanisha, na kila mmoja alimjibu lile lile: “Aanze yeye.” Kuzaliwa tumbo moja kweli si kuwa na tumbo moja.

Sasa mmoja hakuweza tena kuanza.

Asubuhi iliyofuata, wanawake walikuwa tayari uani Majengo wakimenya ndizi za msibani. Priska alipita katikati yao akitafuta kanga yake, akasikia mmoja, Mama Jesse, akisema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa: “Sikio la kufa halisikii dawa. Mtu mzima anakula majani kama sungura, moyo utapata wapi nguvu?”

Theopista hakuinua hata kichwa. “Marehemu mume wako alikuwa anakula nini, Mama Jesse? Si nyama ya kitimoto kila Jumamosi? Naye yuko wapi?”

Vicheko vikapasuka, vikafinywa haraka kwa sababu ya msiba. Priska hakungoja jibu. Alichukua pikipiki mpaka Uru.

Ulikuwa msimu wa baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye vichwa vya migomba. Njia nzima alipanga maneno na njia nzima yalimponyoka. Alianza Baba Yetu, akakwama kwenye “utusamehe makosa yetu,” akarudi mwanzo, akakwama tena hapo hapo. Alijua anachokwenda kuomba. Kaka akikataa, Mektrida atazikwa mjini, na hakuna binti wa nyumba ile atakayepata uso wa kurudi pale.

Alimkuta Wenseslaus akichuma kahawa.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Pole.” Hakuacha kuchuma. “Nyumbani kuna chai.”

“Sikuja kunywa chai. Nimekuja kuomba mahali pa dada.”

“Mahali gani?” Aliangusha punje kwenye kikapu. “Alinirudishia fungu mbele ya wazee, Priska. Mbele ya watoto wangu. Aliyekataa fungu la nyumbani, nyumbani kwake ni wapi?”

“Alikataa nyama. Hakukukataa wewe.”

“Nyama angeikataa baada ya kupokea! Si wewe ulipokea ukampa Mama Lucky? Nilikuona. Nilisema kitu? Angelitupia mbwa huko mbele ya safari, ningejifanya sijaona. Lakini mikono nyuma!” Sasa alikuwa ameacha kuchuma. “Unajua nilivyosimama pale? Kama mtu anayeuza.”

Priska alikuja na hasira, na kwa hasira hiyo alikuwa na mengi ya kusema. Lakini alipomtazama usoni aliona mtu ambaye hakulala. Macho yalikuwa mekundu na fulana ameivaa ndani nje. Akaona kwamba tangu Krismasi kaka yake hakuwa amekasirika kama walivyodhani mjini. Alikuwa amesimama tu pale pale, mikono mbele, akingoja fungu lipokelewe.

“Nipe mimi,” alisema.

“Nikupe nini?”

“Fungu lake. Mtu akiwa mgonjwa si ndugu yake humpokelea? Yeye sasa mikono yake hainyooki. Yangu hii hapa.”

Wenseslaus alichukua kikapu chake akaondoka kuelekea nyumbani, naye Priska hakujua kama amekubaliwa au amefukuzwa. Alimfuata. Akakataa kiti, akakataa chai, akazunguka nyumba mara nyingi mpaka kuku wakamzoea. Mama Lucky alitoka jikoni akafuatana naye kidogo.

“Wifi, utachimba mtaro hapo,” alimwambia. “Tulia. Ametuma waitwe wazee.”

“Amesema kitu?”

“Kaniuliza kisu kiko wapi.”

Wazee wa ukoo walikuja wawili, wamejifunga makoti. Mbuzi akachinjwa pale pale pa Krismasi. Wenseslaus aligawa kama inavyogawiwa, akaita majina, akaliruka la Priska, kisha akasimama wima. Akaita.

“Mektrida.”

“Abee,” Priska akaitika, na akanyoosha mikono miwili.

Lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka, na lilikuwa bado na joto. Mzee aliyekohoa siku ile akashukuru, “Aika.” Wa pili akasema, “Mtoto amefika.” Hapo ndipo Priska alipolia, amesimama katikati ya ua na nyama mikononi, asijue aiweke wapi ili ajifute.

“Nile?” alimwuliza kaka yake.

“Umepokea. Kula ni shauri lako.”

Akalipeleka kwenye sufuria ya vijana watakaochimba kaburi. Wenseslaus alimngoja mlangoni, akapenga kamasi kwa sauti kubwa.

“Hivi alikuwa anakula nini hasa?” aliuliza. “Watu wanasema majani.”

Priska alikwenda bustanini kwa wifi yake, akachuma sukuma wiki, akaikata kama uzi, akaitia ndimu na chumvi kidogo, akaifikicha kwa vidole mpaka ikalegea, akakatia parachichi juu. Kaka yake alitafuna kwa muda mrefu, akitazama mbele kama mtu anayesikiliza redio. Wazee walikataa kuonja. Mmoja alisema meno yake yalikwisha acha kazi.

“Inataka moto,” Wenseslaus alisema mwishowe. Akachukua kijiko kingine. “Hata hivyo inalika.”

Alikula mpaka nusu ya sahani. Kisha akasimama, akachukua jembe, na Priska akamwona akipita katikati ya migomba kuelekea walikolala baba na mama. Alipima ardhi kwa mpini wa jembe, upande wa mama, akasafisha majani makavu. Akapiga jembe la kwanza mwenyewe kabla vijana hawajafika.

Mektrida alizikwa Alhamisi. Mwili ulitolewa hospitali asubuhi, ukapitishwa Majengo ili majirani wauage, ukapandishwa Uru. Sare za kwaya zilikuwa zimemaliziwa na fundi mwingine, na wanakwaya walizivaa. Misa ilisomwa uani kwa sababu watu walikuwa wengi. Padre alisoma Injili ya nyumba yenye makao mengi, akahubiri kwa ufupi. Katekista alisoma historia ya marehemu: alikozaliwa, shule, kazi, ugonjwa wa moyo. Iliandikwa pia kwamba alipenda kujaribu mapishi yasiyo na moto, na watu wengine walitabasamu.

Baada ya hapo jeneza lilifunguliwa, watu wakapita kuaga. Priska alipita mwisho pamoja na kaka yake. Alimgusa dada yake paji la uso, lilikuwa la baridi, akafanya ishara ya msalaba juu yake. Wenseslaus alisema, “Nenda salama, dada,” wakalifunika.

Vijana walibeba jeneza mpaka kaburini. Padre alibariki kaburi, akanyunyiza maji ya baraka, akatia udongo. Wenseslaus akatia udongo kwa mikono miwili, Priska akafuata, kisha Mama Lucky, Winfrida, Theopista, na wengine wote waliotaka. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha. Vijana walijaza kaburi kwa majembe, kwaya ikaimba mpaka walipomaliza. Msalaba ukasimikwa, mashada yakawekwa. Padre akasali, “Raha ya milele umpe, ee Bwana,” na watu wakaitika. Priska aliweka shada lake, akarudi nyuma, akasimama karibu na kaka yake mpaka sala ilipokwisha.